Jivu la Taka katika Matofali: Tatizo la Istilahi

Neno "jivu" halimtishi mfasiri. Kila msemaji wa Kiswahili analijua tangu utotoni, na kwa hiyo linapotokea katika hati ya kiufundi hupitwa upesi, kalamu ikaenda kupambana na maneno yenye sura ngumu zaidi. Katika makala haya tumekusudia kueleza kwa nini, katika jambo la kutumia mabaki ya taka zilizochomwa kutengenezea matofali na vifaa vingine vya ujenzi, neno hili jepesi ndilo linalopasa kushughulikiwa kwanza. Tutatoa pia mapendekezo ya istilahi ambazo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuzitumia mpaka hapo zitakaposanifiwa.

Jivu analolijua Mswahili ni jivu la kuni, la makaa, la vifuu na la makuti. Kwa jivu hilo watu wamesugua sufuria, wamehifadhi mahindi na maharage yasitobolewe na fukusi, wamefukuza wadudu katika vitalu vya mboga, na wamepunguza harufu ya choo. Maji yaliyochujwa katika jivu yamelainisha mboga ngumu mahali pa magadi. Hata methali isemayo kwamba moto huzaa jivu hulitaja kama kitu hafifu, kisichofaa kitu wala kumdhuru mtu. Basi raia anapoambiwa kwamba tofali hili limechanganywa na jivu, picha inayomjia akilini ni ya mekoni kwao, naye hana sababu ya kuuliza swali la pili.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linatuhusu nini sisi, ambao taka nyingi za miji yetu hazichomwi kwa mitambo bali hupelekwa jaani, kama vile Pugu kwa jiji la Dar es Salaam na Dandora kwa jiji la Nairobi. Linatuhusu kwa sababu mitambo hiyo imekwisha kufika karibu nasi. Mwezi wa Agosti 2018 ulizinduliwa mjini Addis Ababa, katika eneo la Reppie, mtambo mkubwa wa kuchoma taka na kuzalisha umeme, uliosanifiwa kuchoma kiasi cha tani 1,400 kwa siku. Linatuhusu zaidi kwa sababu hospitali zetu nyingi zina vichomea taka vidogo, na jivu lake hutolewa kwa koleo siku zote, pasipo kungoja mtambo mkubwa. Tena vitabu vya mafunzo, masharti ya zabuni na miongozo ya ujenzi inayosifu matofali ya jivu huandikwa kwa lugha za kigeni, nayo hufasiriwa. Mahali pa kosa ni hapo katika kufasiri.

Tueleze kwanza jinsi kitu chenyewe kinavyopatikana, maana hapana istilahi njema bila ya kukijua kitu. Katika tanuri kubwa, taka humwagwa juu ya wavu wa chuma unaosogea polepole, zikakauka, zikawaka, na mwishoni mabaki yakaangukia majini ili yapoe. Moshi wake hauachwi uende zake. Sheria za Ulaya hutaka gesi hizo zikae katika joto la nyuzi 850 za Selsiasi kwa muda usiopungua sekunde 2, kisha zipitishwe katika vyombo vya kuzisafisha: chokaa hunyunyizwa ili kuua asidi, unga wa makaa hutiwa ili kunasa sumu, na mwishoni moshi hupenya katika mifuko ya kitambaa inayokamata vumbi lote. Tani moja ya taka za mji huacha juu ya wavu kiasi cha kilo 200 hadi 250 za mabaki: vipande vya vioo na vigae, misumari, mikebe, mawe, na udongo ulioungua. Katika mifuko ya kuchujia moshi hupatikana kiasi kidogo, cha kilo 20 hadi 40, cha unga laini wa rangi ya kijivu.

Vitu hivi viwili havifanani hata kidogo isipokuwa kwa jina. Metali kama vile zebaki, kadimi, risasi na zinki hugeuka mvuke katika moto mkali, hasa zinapokutana na klorini itokayo katika chumvi na plastiki. Mvuke huo ukiisha kupoa huganda juu ya chembe ndogo ndogo za moshi. Dayoksini nazo, ambazo moto mkali umekwisha kuzivunja, huweza kujiunda upya wakati moshi unapopoa kati ya nyuzi 400 na 200. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sumu hukusanyika katika ile sehemu ndogo. Na hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalitarajii: kadiri moshi unavyosafishwa vizuri zaidi, ndivyo unga unaonaswa unavyozidi kuwa na sumu. Sumu haikupotea, imehama kutoka angani ikaingia katika gunia.

Istilahi ya Kiingereza kwa sehemu ya kwanza ina maana ya "jivu la chini", na kwa sehemu ya pili ina maana ya "jivu linaloruka". Wafasiri wengine wamezichukua hivyo hivyo zilivyo. Sisi hatuoni kuwa zinafaa. "Jivu la chini" humfanya msomaji afikirie jivu la sakafuni, au jivu la daraja duni, ilhali hilo ndilo bora kati ya mawili. "Jivu linaloruka" lina kasoro kubwa zaidi, kwa sababu jivu lo lote likipulizwa na upepo huruka. Fundi anayepakua jivu la wavu siku ya kiangazi ataliona likiruka machoni mwake na kudhani kwamba hilo ndilo linalotajwa. Tunapendekeza "jivu la wavu" kwa lile linalobaki juu ya wavu, na "jivu la moshi" kwa lile linalonaswa katika moshi. Majina haya hutaja mahali kitu kilipopatikana, na hilo la pili hubeba onyo ndani yake, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba moshi si kitu cha kuchezea. Wahandisi hupambanua tena kati ya jivu la moshi lenyewe na chokaa iliyotumika kuusafishia. Hicho cha mwisho chaweza kuitwa "masalia ya kusafishia moshi".

Kwamba tofauti hii si ya makarani tu, mji wa Newcastle upon Tyne wa kaskazini ya Uingereza ni ushahidi. Kati ya mwaka 1994 na mwaka 1999 jivu la mtambo wa Byker lilimwagwa katika vijia, na katika bustani ambazo wakazi wa mji hukodi ili kulima mboga na kufuga kuku. Lilikuwa mchanganyiko wa jivu la wavu na jivu la moshi. Vipimo vilipofanywa vilionyesha metali nzito na dayoksini, na dayoksini zilipatikana hata katika mayai ya kuku waliokuwa wakiparua mahali hapo, hata wakazi wakaonywa wasiyale. Mwaka 2002 halmashauri ya jiji na kampuni iliyoendesha mtambo huo zilitiwa hatiani mahakamani. Kwa macho mchanganyiko ule ulikuwa jivu tu, na katika Kiingereza cha kila siku, kama ilivyo katika Kiswahili, neno moja lilitosha kuutaja.

Liko jivu la tatu, nalo ndilo linalowapotosha wafasiri wa matini za matofali kuliko mengine. Mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe yaliyosagwa hutoa unga laini ambao nao hunaswa katika moshi. Unga huu una silika na alumina kwa wingi, na ukichanganywa na chokaa au saruji mbele ya maji hushika na kuwa mgumu. Umetumika katika saruji kwa miongo mingi. Nchini India serikali ilitoa agizo mwezi wa Septemba 1999 la kuvilazimisha viwanda vya matofali vilivyokuwa katika umbali wa kilomita 50 kutoka mitambo ya makaa ya mawe kuutumia unga huo. Umbali huo ukaongezwa baadaye hadi kilomita 100, kisha 300. Vitabu vingi vya mafunzo ya matofali ya jivu vinavyosomwa Afrika Mashariki vimetokana na maarifa hayo ya India. Sasa, kwa Kiingereza unga huo wa makaa ya mawe huitwa kwa jina lile lile la "jivu linaloruka" lipewalo unga wenye sumu wa tanuri la taka. Mfasiri akiandika "jivu la moshi" bila ya kuongeza neno, mwongozo uliokuwa salama kwa makaa ya mawe huweza kusomwa na mtu mwenye jivu la taka mkononi. Hapo kosa la mfasiri litaingia katika ukuta wa nyumba.

Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba katika hati yo yote ya serikali, ya shule au ya zabuni, jivu litajwe kwa sehemu zake mbili: mahali lilipopatikana, na kitu kilichoungua. Yaani "jivu la wavu la taka za mji", "jivu la moshi la taka za mji", "jivu la moshi la makaa ya mawe", "jivu la taka za hospitali", "jivu la pumba za mpunga". Ni majina marefu, na tunajua kwamba watu hawapendi majina marefu. Lakini mwandishi akiisha kulitaja jina zima mwanzoni mwa kila sura, aweza kulifupisha baadaye, mradi asifupishe mpaka likabaki "jivu" peke yake.

Tukiwa bado katika majina, yafaa kutazama kitenzi. Hati nyingi hutumia "kuteketeza taka" na "kiteketezi". Kuteketea, kwa maana yake ya asili, ni kwisha kabisa, kama nyumba iliyoteketea kwa moto au shamba lililoteketezwa na nzige. Lakini taka za mji hazishi. Ujazo wake hupungua hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi, ambalo ni jambo kubwa, ila uzito wake hubaki robo hivi, na robo hiyo ni lazima iwe na mahali pa kwenda. Diwani anayepitisha makisio ya mtambo wa "kuteketeza" taka aweza kusahau kabisa kuuliza jivu litapelekwa wapi. Tunaona afadhali kitenzi "kuchoma", ambacho hakiahidi zaidi ya kinachofanyika. Na kwa chombo, "tanuri la kuchomea taka" litumike kwa mtambo mkubwa wenye wavu na vyombo vya kusafisha moshi, na "kichomea taka" kwa chombo kidogo kama kile cha hospitali. Neno hili la pili limekwisha kuzoeleka kwa watumishi wa afya, na hatuna sababu ya kuwanyang'anya.

Kuchanganya jivu na udongo wa matofali si uvumbuzi wa jana. Katika jiji la London la karne ya 18 na ya 19 wazoa taka walikusanya jivu la makaa ya mawe kutoka majumbani, wakalichekecha katika viwanja maalumu, na kuwauzia wafyatua matofali. Chenga laini ziliingia katika udongo. Makaa yaliyobaki bila kuungua yalitumika kuchomea matofali hayo hayo. Sehemu kubwa ya nyumba za rangi ya manjano na kahawia za jiji hilo imejengwa kwa tofali la namna hii. Mwaka 1874 lilijengwa mjini Nottingham tanuri la kwanza la kuchomea taka za mji, kwa usanifu wa Alfred Fryer, na miji mingine ikafuata. Mabaki yaliyoyeyuka na kuganda kama mawe yalisagwa, yakatumika katika barabara, katika matofali ya kutandaza njiani na katika udongo wa kujengea. Huko Liverpool mhandisi wa jiji, John Alexander Brodie, alijenga mwaka 1905 nyumba za ghorofa za mtaa wa Eldon kwa mabamba ya zege lililotumia mabaki ya matanuri ya taka kuwa kokoto.

Mabaki hayo yaliyoganda huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo sisi tumelikopa kwa sura ya "klinka". Ila katika viwanda vyetu vya saruji klinka ni kitu kingine: ni yale mawe madogo yatokayo katika tanuri la saruji kabla ya kusagwa pamoja na jasi. Wafanyakazi wa viwanda hivyo wamelishika neno hilo vizuri, nasi tunaomba liachwe kwao. Kwa mabaki ya taka yaliyoganda, "jivu la wavu lililoganda" latosha. Wako waliopendekeza "mavi ya chuma", kama wahunzi wanavyoyaita mabaki ya kuyeyushia chuma. Lakini jina hilo lina mwenyewe tayari, na kitu chenyewe ni tofauti.

Siku hizi nchi hazikubaliani juu ya jambo hili, na mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba dunia nzima imeamua. Nchini Denmark na Uholanzi jivu la wavu hutumika kwa wingi chini ya barabara, na Uholanzi ilifikia mapatano mwaka 2012 kati ya serikali na wenye matanuri ili jivu hilo lisafishwe zaidi kabla ya kutumika. Uswisi huondoa metali zake kwa uangalifu mkubwa, kisha hulizika lililobaki katika majaa maalumu, wala hailitumii katika ujenzi. Jivu la moshi la taka halikubaliwi kuingia katika tofali la kawaida katika nchi hizo.

Jivu la wavu haliendi moja kwa moja kutoka tanurini hadi kwenye ujenzi. Kwanza huondolewa chuma kwa sumaku, kisha shaba na aluminiamu kwa mashine nyingine, halafu hulazwa nje katika malundo kwa muda wa wiki 6 hadi 12, likinyeshewa na kupigwa na hewa. Katika muda huo hewa ya kaboni huingia, chokaa yake hugeuka kuwa kaboneti, ukali wa alkali hupungua, na risasi hushikwa zaidi isiyeyuke katika maji. Tulipotafuta kitenzi cha jambo hili tulijiwa na "kuvundika", kama mtu anavyovundika ndizi zipate kuiva. Ni neno zuri la nyumbani, na tuliliacha kwa masikitiko, maana kuvundika ni kufunika, hali jivu linataka hewa. Isitoshe kuvunda kuna harufu yake. Mafundi wa zege husema kwamba zege limekomaa, nasi tumefuata hapo: "kukomaza jivu", "jivu changa", "jivu lililokomaa". Kwa jivu lililokomaa na kuchekechwa kwa ukubwa tunapendekeza "kokoto za jivu". Wauzaji watapenda majina yanayolificha neno "jivu". Watumishi wanaoandika vibali wasiwakubalie.

Kukomaza si adabu tu ya kiwandani. Aluminiamu iliyosalia katika jivu ikikutana na maji yenye alkali, kama yale ya saruji mbichi, hutoa haidrojeni. Gramu 1 ya aluminiamu hutoa zaidi ya lita 1 ya gesi hiyo. Tofali la saruji lililofyatuliwa kwa jivu changa huumuka kama andazi, likapasuka au likabaki na vishimo. Na gesi ikikusanyika mahali palipofungwa huweza kulipuka. Mwaka 2009 mamlaka ya barabara kuu ya Uingereza ilisimamisha matumizi ya kokoto za jivu katika zege la povu baada ya kutokea milipuko katika kazi za ujenzi. Vioo vilivyomo katika jivu navyo hupambana polepole na alkali ya saruji na kuvimba, na chumvi yake hula nondo. Ndiyo sababu mwongozo mwema hutenga matofali na zege lisilo na nondo kwa upande mmoja, na zege la nondo kwa upande mwingine.

Hapa neno "tofali" nalo linadai maelezo. Kwetu Tanzania tofali ni lile la udongo lililochomwa, na ni lile la saruji na mchanga lisiloona moto kamwe. Mtu akiandika "matofali ya jivu" bila ya kusema ni yapi, ameacha mlango wazi. Katika tofali la saruji hatari ni hizo tulizozitaja. Katika tofali la kuchoma mambo yamegeuka: vioo vya jivu huyeyuka na kulisaidia tofali kushikana katika joto dogo zaidi, na hiyo ni faida, lakini chumvi hutokeza nje na kuacha weupe ukutani, na metali zenye kugeuka mvuke hutoka pamoja na moshi wa tanuri. Kiwanda chenye vichujio huweza kuzinasa. Fundi wetu anayepanga matofali mabichi yakawa tanuri yenyewe, akayakandika udongo kwa nje na kuwasha magogo chini, hana kichujio. Anayenasa ni yeye na watoto wanaocheza karibu. Kromi huleta jambo jingine la ajabu, kwa kuwa moto wenye hewa nyingi huweza kuigeuza iingie katika hali ambayo huyeyuka majini kwa urahisi zaidi kuliko kabla ya kuchomwa. Kwa hiyo yule asemaye kwamba moto husafisha kila kitu hakulifahamu somo.

Viambishi na vihusishi vyetu vyaweza kutusaidia sana kama tukivitumia kwa uangalifu. Kuna tofauti kati ya "saruji ya jivu" na "saruji yenye jivu". Katika eneo la Tama, magharibi ya jiji la Tokyo, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2006 hutumia jivu la taka kuwa malighafi: jivu huingia pamoja na chokaa katika tanuri lenye joto linalopita nyuzi 1,300, likageuka kabisa na kuwa saruji, dayoksini zikavunjwa na metali zikakusanywa. Kanuni za Japani hutaka kila tani ya saruji hiyo iwe imetumia taka zisizopungua kilo 500. Hiyo ndiyo saruji ya jivu. Mahali ambapo jivu hutiwa tu katika saruji iliyokwisha kuwa tayari, likabaki kuwa jivu ndani yake, hiyo ni saruji yenye jivu. Vivyo hivyo kwa "tofali lenye jivu", ambalo ndilo jina tunalolishauri kwa matofali yote ya mchanganyiko, likifuatwa na aina ya jivu na kiasi chake kwa mia.

Neno ambalo limetupa kazi kubwa ni lile la kutaja metali zinapotolewa na maji ya mvua katika tofali au barabara na kuingia ardhini. Vipimo vyote vya usalama vimesimama juu ya jambo hili: sampuli hutiwa majini, maji yakapimwa yamebeba nini. Wengine wameandika "kuvuja", lakini kinachovuja ni maji, kutoka katika chombo kilichotoboka. Wengine wamesema "kuyeyuka", ambalo ni pana mno. Sisi tumechagua "kuchujuka". Kila mwenye kanga anajua maana yake: nguo ni nzima, haikutoboka wala haikupungua, lakini rangi imekwenda na maji, na nguo nyingine ndani ya beseni zimeambukizwa. Basi "metali inayochujuka", "kiasi cha kuchujuka", "jaribio la kuchujuka". Mwalimu anaweza kulionyesha jaribio hili darasani kwa kitambaa cha rangi na beseni la maji, kabla ya kutaja risasi au kadimi.

Kwa upande wa hospitali maelezo yetu ni mafupi, kwa sababu hapana matumizi ya kuelezwa. Vichomea taka vidogo havina joto la kutosha nyakati zote, na jivu lake huwa na sindano, vioo na sumu za plastiki zilizoungua nusu. Shirika la Afya Duniani hulihesabu jivu hilo kuwa taka ya hatari, la kuzikwa katika shimo lililojengewa. Neno "shimo la jivu" limezoeleka, lakini katika Kiswahili cha kawaida shimo ni mahali pa kuchota pia, kama shimo la mchanga au la udongo wa matofali. Katika mabango ya hospitali tungependelea "kaburi la jivu". Wenzetu wengine wameliona kuwa ni kali mno. Sisi tunadhani ukali wake ndio unaofaa, maana hapana fundi atakayekwenda na koleo na toroli kuchota kaburini.

Lipo jivu moja la nyumbani ambalo linastahili kusifiwa, nalo ni la pumba za mpunga. Pumba ni karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga, na zikichomwa huacha tena karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake kuwa jivu, lenye silika nyingi mno. Likichomwa kwa joto lisilozidi kiasi, kama nyuzi 700, silika hiyo hubaki katika hali ya kuweza kushikana na chokaa. Vitu vya namna hii huitwa "pozolana", kwa jina la mji wa Pozzuoli karibu na Napoli ambako Warumi walichimba udongo wa volkano wa kujengea. Katika mikoa ilimwayo mpunga pumba zimekwisha kutumika kuchomea matofali, na jivu lake hutupwa. Hatuoni haja ya kutafuta neno jingine mahali pa pozolana.

Yamebaki maneno ambayo hatukuyapata. Wachomaji wa matofali wa vijijini wana majina yao ya sehemu za tanuri, ya tofali lililoiva, ya lile lililobaki bichi katikati, na ya lile lililozidi kuungua mpaka likang'aa kama kigae. Hati za jivu la taka huyahitaji majina hayo yote, kwa sababu kila hali ya tofali huchujuka kwa namna yake. Walimu wa vyuo vya ufundi na maafisa wa maendeleo waliopo karibu na mafundi hao wanaombwa watuletee maneno hayo, pamoja na jina la mahali yanapotumika, na tofauti yo yote ya maana kati ya kijiji kimoja na kingine.